Hatusemagi Nilikuwaga

Kaka yangu alipata umaarufu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hakujua kama analo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Bunda, mtu wa kunyoosha suruali kwa pasi ya mkaa umeme ukikatika, mtu wa kusahihisha kwa sauti mabango ya madukani tukipita barabarani. Ukisema "hii kiti" anakukatisha hapohapo, hata kama ulikuwa unamweleza habari ya mgonjwa. Wageni walimwona ana maringo, na kusema kweli kuna siku niliwaunga mkono.

Kwa asiyejua watu wa Mara tunavyoongea, nieleze kidogo. Sisi Kiswahili kilitukuta tayari tuna lugha za nyumbani, na tulipokipokea tukakitia ga. Jambo linalofanyika kila mara, au lililokuwapo siku nyingi, tunalipa ga yake mwishoni: naendaga, anapendaga, nilikuwaga. Ukikana la sasa inakuwa gi: siendagi, hatupendagi. Kwenye mtihani ni kosa. Kule Nyasho, Musoma, ninakoishi na kushona nguo, mtu akiongea nusu saa bila ga tunamuuliza ametokea mkoa gani.

Kaka aliipiga vita hiyo ga tangu alipoanza kazi Mugeta, akifundisha watoto wa wafugaji waliokuja shuleni na vumbi la ng'ombe miguuni, na alipohamishiwa Bunda mjini akaendelea palepale alipoishia. Akiwa ametulia, Kiswahili chake kilikuwa kama cha kitabuni. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sisi wa nyumbani tulilijua na yeye hakulijua. Akipandwa na hasira, au akifurahi kupita kiasi, au akisimulia kitu kinachomgusa, ga ilitoka yenyewe. Mimi niliitumia kama futi yangu ya kupimia. Akiniambia kwenye simu, "Nakukumbuka, mdogo wangu," nilijua ananisalimia kwa adabu. Akisema, "Nakukumbukaga," nilijua amenikumbuka kweli, na siku hiyo kazi yangu ilikwenda vizuri.

Siku ya tukio alikuwa anafundisha, na nyuma ya darasa alikaa mwalimu wa mazoezi, kijana aliyetoka chuoni, amewekwa pale ajifunze kwa mwenzake mwenye uzoefu. Kijana alikuwa anarekodi somo kwa simu ili akalirudie jioni. Kaka akamsimamisha mwanafunzi mmoja, akamuuliza kwa nini hakufanya kazi aliyopewa.

"Mwalimu, nilikuwaga naumwa," mtoto akajibu.

Kaka akapiga meza kwa kiganja. "Hatusemagi nilikuwaga!" akafoka. "Nani aliwafundishaga hivyo?"

Wanafunzi wakatazamana, kila mmoja akihakikisha kwamba amesikia alichosikia. Kisha wakaangua kicheko, wote kwa pamoja. Kaka hakuelewa. Akageuka kutazama ubao, labda kuna kitu kimeandikwa. Hakuna. Ndipo akainama haraka, akapapasa zipu ya suruali. Zipu ilikuwa imefungwa. Akainua uso akawatazama wale watoto kwa mshangao wa kweli kabisa, na video ikaishia hapo.

Kijana akaiweka status. Mimi naamini hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amecheka na alitaka rafiki zake nao wacheke. Lakini kitu ukishakiweka huko si chako tena. Iliingia kwenye magrupu, ikatoka kwenye magrupu ikaingia kwa watu wasiojua hata Bunda iko upande gani. Mimi nilionyeshwa na mteja aliyekuja kupima gauni, asiyejua kwamba yule ni ndugu yangu. Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni.

Jioni kaka akapiga simu.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Na wewe umecheka?"

"Nimecheka, kaka. Hata ungekuwa wewe ungecheka."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi mimi nasemaga hivyo?"

"Unasemaga," nikamwambia.

Aliumia. Mtu anaweza kuvumilia kuchekwa kwa ufupi wake au kipara chake, maana anavijua, anaviona kwenye kioo kila asubuhi. Yeye alikuwa anaonyeshwa kitu kilichokuwa mdomoni mwake miaka yote, na ni kilekile alichowachapia watoto wa watu. Kesho yake alisingizia kichwa kinamuuma, hakwenda kazini. Yule mwalimu wa mazoezi akamfuata nyumbani kuomba radhi, na baada ya kuomba radhi akatoa simu akamwonyesha maoni ya watu.

Kaka alinisimulia baadaye kwamba aliyasoma yote, hakuruka hata moja. Alitarajia matusi. Akakuta mtu aliyeko nchi za mbali ameandika kwamba amesikia hatusemagi akakumbuka kwao mpaka machozi. Mwingine akaandika kwamba huyu ndiye mwalimu wake kabisa, hata zipu alikuwa anaipapasa vilevile. Wengine walitaka kujua anafundisha wapi wawapeleke watoto wao.

"Wanakupenda, mwalimu," yule kijana akamwambia. "Wanakupenda kwa sababu huigizi. Wewe ni orijino."

Hilo neno lilimkaa. Kwa muda fulani likawa halimtoki mdomoni, na alikuwa analitamka kwa uangalifu kama mtu anayeshika yai. Nami sikumlaumu. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila mtu kumwambia ahsante, ghafla anaambiwa na watu asiowajua kwamba wanampenda alivyo. Nani angekataa? Ila nikifikiria sasa, naona kitu ambacho wakati ule hatukukiona. Watu walimpenda kwa sababu hakujua kama anatazamwa. Siku alipojua, kile walichokipenda kilikuwa kimeshakwisha, na ilibaki kazi ya kukitengeneza upya kila wiki.

Kabla mambo hayajapamba moto, tulikwenda Butiama kumwona mama. Mama yetu alikuwa Mzanaki wa kweli, Kiswahili alikipata ukubwani sokoni na kanisani, na L kwake ilikuwa R. "Njooni mure," anasema, na kaka tangu alipoingia sekondari alikuwa anamrekebisha, "Ni kula, mama, mle," na mama anamjibu, "Basi ukishiba hiyo yako uniambie." Wakachekana hivyo miaka na miaka.

Siku hiyo nilimwonyesha mama ile video kwenye simu yangu. Aliitazama amekunja uso, akaomba irudiwe. Hakucheka.

"Kwa nini wanamcheka mtoto wangu?" akaniuliza. "Amesema nini kibaya?"

"Amesema hatusemagi, mama."

"Si ndivyo tunavyosemaga?"

Nikajaribu kumweleza. Nikaanza na sarufi, nikapotea, nikarudi mwanzo. Kaka, mwalimu mwenyewe, alikaa pembeni anatazama miguu yake, hanisaidii. Mwisho mama akaamua kwamba watoto walikuwa wanacheka zipu, na kwamba shule za siku hizi hazina adabu, yakaisha. Kwake hakukuwa na kosa la kucheka.

Tulipokuwa tunaaga akamshika kaka mkono. Alikuwa ameanza kuchoka miaka hiyo, miguu inavimba, na alikuwa anaongelea kifo bila kupunguza sauti, jinsi mtu anavyoongelea safari ya Musoma.

"Siku yangu ikifika, wewe ndiye utasema," akamwambia. "Kiswahiri unakijua wewe. Watakuja wageni wa mjini, watakuja wa kanisani. Wajue nirikuwaga nani."

Nilimwangalia kaka, nikisubiri amrekebishe. Makosa yalikuwa mawili kwenye neno moja. Hakurekebisha.

"Nitasema, mama," akajibu.

Nieleze kwa nini hilo lilikuwa zito. Kwetu, mtu hazikwi bila kusomewa wasifu wake. Lazima mmoja wa familia asimame mbele ya watu aseme marehemu alizaliwa wapi, alilelewaje, alikuwa mtu wa namna gani. Na kaka ndiye pekee aliyeweza kusema mama alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kati yangu na yeye kuna miaka mingi. Watoto waliozaliwa katikati hawakukaa duniani. Baba alikuwa kazini mbali, anarudi sikukuu kwa sikukuu. Kwa hiyo kuna mama ambaye kaka aliishi naye wakiwa wawili tu, kijana bado, mwenye nguvu, kabla yangu. Mimi huyo sikumkuta. Nilimkuta mama wa magoti yanayouma.

Ukaja wakati wa video. Yule kijana alimaliza mazoezi, hakupata ajira, akabaki Bunda akawa mtu wa kumrekodi kaka. Walianza vizuri tu: kaka ameshika chaki, anasahihisha makosa ya watu, na yeye mwenyewe anakosea katikati. Nilikuwa nazitazama nikishona, na za mwanzo zilichekesha. Kisha nikaanza kusikia kitu hakikai sawa, kama mshono uliopigwa na mtu ambaye si fundi. Ga zilikuwa nyingi mno. Alikuwa anazitia hata pale ambapo hakuna mtu wa Mara anayezitia. "Njooga hapaga uketiga." Hatuongei hivyo. Mtu wa Butiama hasemi hivyo, wa Kisorya hasemi hivyo. Lakini mtu aliyeko mbali hawezi kujua, na walioko mbali ndio walikuwa wengi.

Nilimwambia. Nilikuwa nimekwenda Bunda kununua vitambaa nikapitia kwake.

"Kaka, ile ga yako ya siku hizi ni ya wapi?"

"Ni ya kwetu."

"Si ya kwetu. Umeichanganya na maji."

Akacheka, akasema sielewi sanaa. Labda sikuielewa. Yeye alianza kunieleza mambo ya wafuasi, kwamba wakizoea kitu lazima uwaongezee chumvi, usipoongeza wanahama. Alikuwa anaongea Kiswahili safi, bila ga hata moja. Nilikaa pale ninasikiliza ile sauti iliyonyooka na moyoni nikawa na wasiwasi ambao sikujua niupe jina gani.

Sikatai kwamba kulikuwa na raha yake. Harusi za Bunda na Musoma zilimtaka awe mshereheshaji, bibi harusi akichelewa kutoka, yeye anashika kipaza sauti, "Hatuchelewagi!" na ukumbi unalipuka. Siku moja tulikuwa Kisorya tukisubiri kivuko cha Ukerewe, tunakwenda kwenye mahari, na akina mama wanaouza samaki wakaacha beseni zao wakaja kupiga naye picha. Aliwainamia wote, mmoja mmoja, akawapa mikono. Nilijivuna, nisidanganye. Nilijivuna mpaka nikasema kwa sauti, "Huyu ni kaka yangu wa tumbo moja," na mama mmoja akanitazama akasema, "Na wewe sema kidogo tusikie."

Lakini nilikwenda pia kwenye mahafali ya shule yake, alinialika, na pale ndipo niliona vibaya. Alipewa nafasi ya kuwaasa wanaomaliza. Alikuwa amejiandaa, nilijua kwa namna alivyoweka miwani. Akaanza kuwaambia wasirudi nyumbani kukaa, watafute ufundi, wasione aibu ya jembe. Maneno mazuri. Wale vijana walimtazama kwa macho yanayong'aa, na mimi nikadhani wanamsikiliza. Hawakuwa wanamsikiliza. Walikuwa wanasubiri. Kila akipumzika kidogo, wengine wanaanza kutabasamu mapema. Akapita sentensi ya kwanza bila ga, ya pili, ya tatu, na minong'ono ikaanza, "Bado, bado." Mwisho mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu, hatusemagi!" na ukumbi wote ukavunjika mbavu. Kaka akatabasamu, akawapa walichotaka, akarudi kukaa. Ule ushauri hakuumaliza.

Tukiwa ofisini kwake tunakunywa soda, aliniambia, "Nikitania wanacheka. Nisipotania wanacheka. Sasa hivi hata nikiita majina wanacheka."

"Acha basi hizo video."

"Nikiacha wataacha kucheka?"

Hakuwa ananiuliza ili nimjibu.

Mama alifariki wakati wa mvua, barabara ya kutoka Makutano imejaa madimbwi. Wiki za mwisho nilikuwa naye, na kaka alikuwa anakuja kila alipopata ruhusa. Mara mbili au tatu mama alimkumbusha, si kwa maneno mengi. Anamwambia tu, "Umeandika?" na kaka anamjibu, "Naandika, mama." Na kweli alikuwa anaandika. Jioni ya kuamkia maziko alinipa nisome, kwenye mwanga wa taa ya nje, watu wa kwaya wakiimba pembeni. Wasifu ulikuwa umepangwa vizuri, kila mwaka mahali pake, kila ndugu ametajwa, na hakuna ga hata moja. Nilimwambia ni mzuri. Ulikuwa mzuri. Ungeweza kuwa wa mwanamke yeyote mwema wa Butiama.

"Kuna kitu sijakiandika," akasema. "Hicho nitakisema kwa mdomo."

"Kitu gani?"

"Utasikia kesho."

Sikumsukuma. Ndilo jambo ninalolijutia kuliko yote, kwamba sikumwambia, kaka, nieleze sasa hivi, hapa tulipo, kabla hao watu hawajaja.

Walikuja wengi. Maturubai yalijaa, wengine wakasimama juu ya mawe ya nyuma ya nyumba. Walikuwapo wa kanisani, walimu wenzake, wanafunzi wake kwenye lori, na walikuwapo vijana ambao hatukuwajua kabisa, waliotoka huko walikotoka kwa sababu walisikia ni msiba wa Mwalimu Hatusemagi. Sikuwafukuza. Msibani hufukuzi mtu.

Kaka aliitwa, akasimama mbele karibu na jeneza, akashika kipaza sauti. Alivaa koti jeusi nililomshonea mwenyewe. Akasoma. Sauti yake ilikuwa imara, Kiswahili chake kimenyooka, na watu walikuwa kimya. Mwongoza ratiba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikawaza, mama, amekusemea.

Kisha akashusha karatasi. Akamtazama mama kwenye jeneza, siyo sisi.

"Kuna kitu sijaandika hapa," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa ile ya kwenye simu, ile ya siku zangu nzuri. "Kabla mdogo wangu hajazaliwa, tulikuwaga wawili tu humu ndani. Mimi na mama. Na mama alikuwaga—"

Kicheko kilianzia kwenye lori. Kilikuwa kidogo, cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa, halafu cha pili, halafu kikashuka kwenye turubai la vijana na kutoka pale kikaja mpaka kwa watu wazima, watu waliokuwa na machozi mashavuni, wakiinamisha vichwa na mabega yakitikisika. Nadhani wengi hawakutaka kucheka. Miili yao ilishafundishwa. Ile ga ikisikika katika ile sauti, wao hucheka. Simu zikainuliwa.

Na kaka hakuelewa. Nilimwona. Alikuwa ameenda mbali mno, alikuwa kwenye nyumba ile na mama yake kijana, na kicheko kilimkuta huko. Akageuka kutazama nyuma yake kama kuna kitu. Kisha akainama haraka, na mkono ukaenda kwenye zipu.

Basi hapo ndipo walipolipuka. Walidhani anaigiza. Walidhani mwalimu ametuliza watu kwa utani, kama wafanyavyo watani, na kuna mtu alipiga makofi. Yule kijana wake wa video alikuwa amesimama karibu nami; simu yake ilikuwa mfukoni, amefunika uso kwa mikono yote miwili. Nilitaka kusimama nitukane. Nina mdomo, kila mtu Nyasho anajua, lakini siku hiyo haukufunguka.

Mwongoza ratiba aliwanyamazisha. Kaka akainua karatasi, akatafuta mahali alipoishia, akasoma hadi mwisho. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, aliugua, ameacha watoto wawili na wajukuu. Hakukosea hata silabi moja.

Baada ya matanga nilimuuliza. Tulikuwa wawili tu, tunakunja maturubai.

"Siku ile ulitaka kusema mama alikuwaga nini?"

"Nimesahau," akasema.

Hakusahau. Namjua. Nimemuuliza tena mara kadhaa, kwa upole na kwa ukali, nikiwa nalia na nikiwa nacheka, na jibu ni hilohilo. Kipande cha msibani kilizunguka mitandaoni, wakakiandikia kwamba hatusemagi mpaka kaburini. Aliufuta ukurasa wake wote, lakini nakala ziko kwenye simu za watu, na hata sasa kuna wateja wanaonionyesha. Siku hizi siwaambii kwamba ni kaka yangu. Napima tu bega, napima kiuno, nasema njoo Ijumaa.

Bado anafundisha. Wanafunzi wapya wameanza kumwogopa tena, nasikia, maana hawapati cha kucheka. Kiswahili chake sasa hakina doa, darasani, dukani, kanisani, na kwangu pia. Hiyo ya kwangu ndiyo inayoniuma. Ananiambia, "Nakukumbuka, mdogo wangu," nami nashindwa kujua.

Jumapili iliyopita alipiga simu nikiwa jikoni, nikamwambia napika kunde kama za mama. Akauliza kama nimetia samli.

"Nimetia nyingi," nikasema. "Unakumbuka yeye alivyokuwaga anamwaga?"

"Nakumbuka."

"Hakuwaga mchoyo wa samli," nikamtegea.

Nilimsikia anapumua, nikaacha mwiko, nikabana simu sikioni.

"Hakuwa," akasema.